Usimwahidi Mtoto Siri Usiyoweza Kuitunza

Leo sina mahubiri marefu. Nina toba, halafu nina ombi.

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya ibada ya vijana, binti wa miaka 13 alibaki nyuma akipanga viti. Viti viliisha, hakuondoka. Akaniuliza, "Pasta, nikikuambia kitu, utamwambia mtu?" Nikajibu upesi, vile wengi wetu tungejibu: "Sitamwambia mtu yeyote, mwanangu. Ni mimi, wewe na Mungu." Ndipo akanieleza kuhusu jamaa aliyekuwa akiishi kwao, na mambo aliyomtendea usiku.

Mpendwa, nilikuwa nimetoa ahadi ambayo kuitimiza ni dhambi. Nikinyamaza, usiku huo analala nyumba ile ile. Nikisema, nimekuwa mtu mzima mwingine aliyemdanganya. Nilisema. Afisa wa watoto akaingilia kati, mtoto akaondolewa kwenye hatari. Sijutii. Lakini binti huyo alikaa karibu mwaka mzima bila kunisalimia. Siku aliponisamehe aliniambia, "Ungeniambia tu ukweli tangu mwanzo." Kosa hilo ni langu, na nimelitubu.

Tangu siku hiyo, mtoto akija kwangu namwambia kabla hajafungua moyo: "Mengi utakayosema yatabaki hapa. Lakini ukiniambia kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, au mtoto mwingine yuko hatarini, itabidi nitafute msaada. Na nitakuambia wewe kwanza ni nani ninayemwendea." Utasema, "Pasta, si atanyamaza?" Wengine hunyamaza siku hiyo. Lakini mtoto hukumbuka ni nani alimwambia ukweli, na siku mzigo ukimzidi, anajua mlango wa kubisha.

Hili si jambo la huruma peke yake. Katiba yetu, Ibara ya 53, inasema kila mtoto ana haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma na ukatili, na kwamba katika kila jambo linalomhusu, maslahi yake ndiyo yanayotangulia. Sheria ya Watoto ya 2022 inatukumbusha kwamba mtoto ni yeyote ambaye hajafika miaka 18. Yule kijana mrefu anayepiga kinanda kanisani? Ni mtoto.

Sasa someni tena habari za Tamari, 2 Samweli 13. Alipodhulumiwa na Amnoni, nduguye Absalomu alimwambia anyamaze kwa kuwa ni mambo ya familia. Mfalme Daudi alisikia, akakasirika sana, na hatuoni popote alipochukua hatua. Tamari akabaki ameharibikiwa katika nyumba ya nduguye. Miaka miwili baadaye Amnoni aliuawa. Familia iliyofunika jambo haikupata amani, ilipata jeneza.

Na sisi je? Wazee wanaitwa, mbuzi wanaletwa, mchungaji anaombwa afunge kikao kwa maombi. Mimi sifungi kikao kama hicho. Kunajisi mtoto ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, na mbuzi hawafuti jinai. Msamaha ni wa Mungu na wa aliyeumizwa kwa wakati wake. Hauondoi mahakama.

Lakini kuna kosa la upande wa pili, na hili tunalifanya tukidhani ni kiroho. Mtoto anakueleza shida yake Jumapili, Jumatatu iko kwenye kikundi cha WhatsApp: "Tumwombee binti wa mama fulani, amepitia mambo mazito." Ndugu yangu, hayo si maombi, ni umbea uliovaa kanzu. Kutafuta msaada ni kumwambia anayeweza kumlinda mtoto, basi. Usitaje jina lake, usiweke picha yake, usimfanye ushuhuda wa madhabahuni. Mungu anamjua hata ukiomba bila jina.

Wazazi, nawaomba pia. Mtoto wako akienda kwa mshauri, una haki ya kujua mshauri huyo ni nani, amesomea wapi, na kama amesajiliwa, kwa maana tuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014. Una haki ya kuombwa idhini. Lakini akitoka mle ndani, usimhoji kama askari: "Umesema nini kunihusu?" Mwachie nafasi. Mshauri mwema atakuita palipo na hatari. Na hatari ikiwa ni mzazi mwenyewe, hataanza kwa kumpigia mzazi huyo simu.

Walimu wa shule ya Jumapili na viongozi wa vijana, shikeni haya. Ongea na mtoto mahali mnapoonekana, usijifungie naye chumbani. Sikiliza, usimhoji maswali mengi, hiyo ni kazi ya waliofunzwa. Mwambie si kosa lake. Kama amenajisiwa, apelekwe hospitali mara moja, maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI lazima ianzwe ndani ya saa 72. Asiogeshwe kwanza, nguo alizovaa zisifuliwe. Ripoti kwa afisa wa watoto au polisi. Hujui pa kuanzia? Piga 116, simu ya kusaidia watoto, bila malipo, usiku na mchana. Ukimaliza hayo yote, omba. Au omba ukiwa njiani. Maombi hayajawahi kuzuiwa na safari ya kwenda kituoni.

Na ukifika mwisho wa ujuzi wako, kiri. Mimi ni mchungaji, si mwanasaikolojia. Kumpeleka mtoto kwa aliyesomea kazi hiyo si upungufu wa imani.

Tuombe: Bwana, wewe uliyesikia sauti ya Ishmaeli nyikani, tupe masikio. Tuondolee woga wa jina la familia na jina la kanisa. Tufanye watu wazima ambao mtoto anaweza kuwaamini, kwa sababu tunasema kweli. Katika jina la Yesu.

Kama umeomba nami, andika AMINA. Kisha mtumie ujumbe huu mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili kabla ya Jumapili ijayo.