Kichefuchefu kisicho na baba

Wiki hii tuzungumze habari za tumbo. Si tumbo la uzazi, ingawa mtaani kwetu Tabata wenzangu wameshalifikisha huko. Mie mwanamke wa miaka 46, talaka yangu ina umri wa kwenda sekondari, halafu kila asubuhi nasimama uani natema mate. Unategemea watu waseme nini? Kwenye kichenpati ya mpwa wangu nilipita mbele ya sufuria la pilau nimeziba pua na kanga, nyuma yangu mama mmoja akaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Shoga yangu wa karibu yeye hakuficha. Kaniuliza kavukavu: "Baba yake nani?"

Baba yake simjui, shoga, na daktari naye hamjui. Ndiyo shida yenyewe.

Wasomaji wa siku nyingi mnafahamu kwamba nina maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS, mwaka wa kumi sasa. Kwa wageni ni hivi: mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo imevikwa utando wa mafuta, kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki. Kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, inaugeukia utando huo na kuuchubua. Yanabaki makovu, na habari za kichwani zinachelewa kufika au hazifiki kabisa. Hauambukizi, hautokani na kurogwa, na dawa ya kuumaliza bado, ila zipo za kuupunguza kasi. Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza tangu mwaka 1868, lakini ukiutaja huku kwetu mtu anadhani ni jina la kampuni ya mabasi. Karibu na ikweta ni nadra kuliko Ulaya, kwa hiyo mgonjwa wake anageuka mwalimu kila anapokwenda.

Mguu mzito nimeuzoea. Macho kufifia joto likizidi nimezoea. Hiki kichefuchefu ndicho kilichonitoa jasho. Kilianza Januari, jua la Dar likiwa halina huruma. Sitapiki. Kinaingia alfajiri, kinakaa kama mgeni asiyejua kuaga, saa nane mchana kinaondoka zake. Kutoka kilo 61 nikashuka mpaka 54. Na hofu yangu, niseme kweli, haikuwa kukonda. Ilikuwa kovu jipya. Kila mate yakijaa mdomoni nawaza, limeingia wapi tena? Kesho nitaamka naweza kushika kalamu?

Daktari wa kwanza alisikiliza dakika mbili akasema, "Ni hiyo MS yako, mama." Tumbo hajaligusa! Hapo nilikasirika, bwana. Ukishakuwa na ugonjwa mkubwa, kila kitu kinasukumiwa humo kama takataka jalalani. Kwani mwenye MS haugui malaria? Hapati vidonda vya tumbo?

Nikaenda kwa wa pili, mama wa makamo asiye na haraka. Malaria hakuna. Mimba hakuna (shoga, umesikia?). Vijidudu vya vidonda vya tumbo hakuna. Sukari, ini, figo, tezi ya shingo, vyote shwari. Akapima na mkojo, kwa sababu sisi wenye MS maambukizi ya njia ya mkojo hutunyemelea, pengine bila hata kuhisi maumivu. Safi.

Halafu akanilaza kitandani akawa ananigeuza kichwa huku ananitazama machoni. Kumbe ndani ya sikio kuna chembe ndogo za chokaa. Zikihama mahali pake dunia inazunguka na tumbo linafuata. Zinawasumbua watu wengi, wenye MS na wasio nayo, na mara nyingi tiba yake ni hiyohiyo ya kugeuza kichwa kwa mpangilio, bila kidonge. Kwangu hazikuwa zenyewe.

Kikaja kipimo cha MRI. Kovu la kuleta kichefuchefu aghalabu hukaa kwenye shina la ubongo, kisogoni chini, penye mitambo ya mizani ya mwili na ya kutapika. Makovu yangu ya zamani yapo palepale. Jipya hakuna. Nililia kwenye daladala mpaka konda akanirudishia nauli.

Damu nayo ikapimwa, na hapa naomba mnisikilize vizuri. MS ana ndugu yake anayeitwa nyuromaelitisi optika. Wamefanana hata zamani wengi waliwahesabu mmoja, mpaka mwaka 2004 wataalamu walipotambua kingamwili yake kwenye damu. Huyu ndugu anaweza kumtapisha mtu siku nyingi, au kumpa kwikwi isiyokatika, na tumbo likipimwa halina kitu. Watu weusi anatupata zaidi kuliko Wazungu, na baadhi ya dawa za MS humwongezea makali. Kwa hiyo wewe mwenzangu, ukitapika mfululizo, au kwikwi ikikushika siku mbili, usikae nyumbani na kikombe cha tangawizi. Nenda hospitali, uwatajie hicho kipimo. Changu kilirudi salama.

Tukabaki na vidonge. Nameza baklofeni kulegeza msuli wa mguu, na kichefuchefu kimo kwenye orodha ya maudhi yake. Daktari akapunguza dozi ya asubuhi, akasema nimeze nimeshakula. (Usije ukaiacha ghafla kwa kichwa chako, inaweza kuleta degedege na maruweruwe.) Imesaidia nusu. Nusu ya pili ndiyo haina baba.

Basi naishi nayo hivyohivyo. Kabla sijainuka kitandani natafuna kipande cha mkate mkavu. Nakula kidogo mara tano, na chakula kilichopoa, maana cha moto ndicho chenye harufu. Kwenye daladala nagombea kiti cha mbele, natazama mbali, simu iko kwenye pochi. Jua likiwaka naloweka kanga naizungushia shingoni. Daftari dogo naandika saa, nilichokula, nilichomeza. Daktari analisoma kuliko anavyonisikiliza mie. Binti yangu nimemwomba aache kuniuliza "mama, umekula?" kila saa. Akikaanga samaki, afanyie uani. Ananuna, lakini anafanya.

Kazi ilikuwa kwa shangazi. Alitoka Muheza na chupa ya mizizi, amebadili mabasi, miguu imevimba. Nikamwambia siinywi, sijui itakavyogombana na dawa zangu, na ini ninalo moja. Aliondoka hajamaliza chai. Wiki tatu hapokei simu, na ndiye aliyenilea.

Jumapili iliyopita kapiga mwenyewe. Hakusema habari za mizizi. Kaniuliza tu nini kinaniingia bila kunichafua moyo. Nikamwambia machungwa, hasa ganda lake. Nalikwaruza kwa ukucha nanusa. Basi la Tanga la jana limeniletea kiroba kizima. Nimeshakula matatu, na kilo mbili zimerudi.