Usiinue pikapu kabla ya kujua itabeba nani

Mpenzi msomaji, bila shaka umewahi kusimama kando ya barabara ukaiona pikapu iliyoinuliwa ikipita, matairi yake yakiwa mapana na boneti ikitazama paa za magari mengine kwa dharau. Na kama wewe una pikapu yako nyumbani, huenda ulijiambia moyoni, "Yangu nayo itakuwa hivyo."

Sikulaumu. Hamu hiyo ilinishika mimi pia, tena ikanishika nikiwa na watoto wawili na mkopo wa chama.

Nilikuwa na pikapu kuukuu ya milango minne. Siku za kazi ilinipeleka mjini, na mwisho wa mwezi ilibeba saruji hadi mashambani, tulikokuwa tukimjengea mama nyumba. Njia ya kuingia kwetu ni ya udongo mweusi. Mvua ikinyesha siku mbili tu, huvuki mpaka vijana wa kijiji wakusukume, na hawasukumi bure. Nikaamua kuumaliza udhia huo. Fundi mmoja akaniuzia matairi ya mitumba ya inchi 31, akaweka vipande vya chuma kati ya springi za nyuma na ekseli, akakaza zile nondo zinazobeba uzito mbele, na kufikia jioni gari langu lilisimama kama twiga. Pesa nilizolipa zilikuwa za karo ya muhula uliofuata.

Safari ya kwanza tulipakia mifuko 8 ya saruji, yaani kilo 400, tukaingia sote, mama watoto akiwa mbele nami. Tulipoanza kuteremka kuelekea Mai Mahiu, nikasikia harufu ya kitu kuungua. Kila nilipokanyaga breki, kanyagio lilizama zaidi. Kwenye kona moja gari liliegemea upande wa bondeni, likasita, kisha likarejea wima. Hakuna aliyesema neno. Nilitia gia ya chini, tukashuka polepole kama wanaopeleka maiti, nikaegesha karibu na lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka wa 1942. Magurudumu ya mbele yalikuwa yakitoa moshi.

Mama watoto aliruka chini, maana mguu haukufika, akawateremsha watoto mmoja mmoja, akasimamisha matatu. "Baba Mwende," akaniambia, "wewe lete saruji. Watoto nitawafikisha mimi."

Hakugomba. Angegomba, ningepata la kujibu.

Tangu siku hiyo nimewauliza mafundi wengi maswali ambayo nilipaswa kuyauliza kabla ya kutoa pesa. Haya ndiyo niliyojifunza, nawe uyapate bila kulipa karo yangu.

Kwanza, jifunze kusoma tairi. Tairi lililoandikwa 225/75R15 lina upana wa milimita 225. Urefu wa ubavu wake ni asilimia 75 ya upana huo. Na ringi yake ni ya inchi 15. Ukipiga hesabu, tairi zima lina kimo cha milimita 718 hivi. Tairi la inchi 31 lina milimita 787. Tofauti ni milimita 69, lakini ekseli huinuka kwa nusu yake tu, kama milimita 34. Urefu wa kidole cha mtoto! Hicho ndicho nilichonunua kwa karo.

Na hata kidole hicho kina gharama yake. Tairi kubwa huenda mbali zaidi kila linapozunguka mara moja, ilhali spidomita haina habari. Kwa matairi hayo, spidomita iliyokuwa sahihi ikionyesha kilomita 80 kwa saa, wewe unakwenda karibu 88. Mjini ukidhani unakwenda 50, unakwenda karibu 55. Injini nayo ni kana kwamba umeiondolea sehemu ya nguvu za gia, hivyo mlimani italalamika. Breki ndizo zinazoumia zaidi: tairi likiwa kubwa, zinahitaji kukaza zaidi ili kulisimamisha gari lile lile.

Pili, kuinua springi si sawa na kuongeza ukubwa wa matairi. Wengi wetu hudhani gari likiinuliwa litapita juu ya kila jiwe. La hasha! Kwenye ekseli ya nyuma ya pikapu, lile bonge la difu lililo katikati hukaa pale pale hata ukiinua springi kiasi gani. Springi huinua chesisi na bodi. Difu huinuliwa na tairi peke yake. Faida ya kuinua springi ni kupata nafasi ya tairi kubwa lisisugue bodi, na kuepusha tumbo la gari na matuta. Hasara yake ni kwamba uzito wote, pamoja na watu na saruji, unakwenda juu, na upana kati ya gurudumu la kushoto na la kulia haujabadilika. Kitu kirefu chenye kitako chembamba huanguka kwa urahisi. Hata mtungi unajua hilo.

Tatu, kuna chuma kidogo ambacho fundi wangu hakukitazama. Pikapu nyingi zina ufito unaounganisha ekseli ya nyuma na valvu ya breki iliyo kwenye chesisi. Mzigo ukilala nyuma, chesisi hushuka, valvu hiyo inafahamu kuwa gari limebeba, nayo huruhusu nguvu zaidi za breki ziende nyuma. Ukiweka vipande vya chuma, chesisi haikaribii ekseli kama zamani, na valvu inadanganyika kuwa gari ni tupu. Breki za nyuma zinafanya kazi kidogo, za mbele zinabeba yote. Ndiyo maana moshi ule ulitoka mbele.

Isitoshe, gari likiinuliwa, mipira inayopitisha mafuta ya breki inaweza kuvutika hadi ikatike, shokamzoba za zamani zinakuwa fupi, magurudumu ya mbele yanapoteza mlingano na kula matairi upande mmoja, na taa zinawapiga machoni wanaokuja mbele yako. Kampuni ya bima nayo isipojulishwa, siku ya ajali mtavutana.

Utaniambia, "Lakini mbona yale magari ya Rhino Charge yanapanda miamba?" Kweli yanapanda, na tangu mwaka wa 1989 mashindano hayo yamesaidia kujenga ua wa kulinda msitu wa Aberdare. Lakini yale magari yametengenezwa upya kutoka chini, na ndani yake kuna vyuma vya kuwakinga watu gari likipinduka. Hayapeleki watoto kanisani.

Sasa ufanye nini ikiwa njia yako ni ya matope kweli? Anza na aina ya tairi kabla ya ukubwa. Tairi la ukubwa ule ule wa kiwandani, lenye meno makali kiasi, litakuvusha mahali pengi. Meno makubwa mno ya matope hupiga kelele na hushika vibaya kwenye lami yenye maji. Wala usikimbilie upana: mchangani tairi pana huelea, lakini kwenye tope lililofunika ardhi ngumu, tairi jembamba hukata likafika chini na kushika. Tairi la mitumba litazame ubavuni: tarakimu nne za mwisho zinakueleza umri wake. 2319 ni juma la 23 la mwaka wa 2019. Likiwa limezeeka, liache hata kama meno yake yanang'aa.

Ukiona bado kuna haja ya kuinua, usizidi inchi 2, tena kwa springi na shokamzoba zilizotengenezwa kufanya kazi pamoja, si vipande vya chuma. Mwambie fundi mzigo unaobeba kila siku. Kabla ya kulipa, muulize kuhusu valvu ya breki, mipira yake, mlingano wa magurudumu na taa. Akicheka, tafuta mwingine. Na baada ya kazi, lijaribu gari likiwa na mzigo, peke yako, mahali pasipo na mteremko.

Mimi nilivitoa vile vipande, nikalegeza nondo za mbele, nikarudisha matairi ya kipimo cha kiwanda yenye meno ya wastani, na karo nikaikopa upya. Tope la kwetu tunalivuka, ila mvua ikizidi tunasubiri likauke, kama majirani. Mama Mwende alipanda matatu miezi mitatu kabla ya kukubali kuketi tena kando yangu.

Kwa hiyo, msomaji, kabla ya kumwuliza fundi, waulize kwanza wale watakaopanda. Tukutane Jumapili ijayo.