Mbigiri za Tezo na tairi zisizo na tyubu

Tezo iko kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, mwendo mfupi kaskazini mwa Kilifi mjini. Lami imeachiwa mabasi, matatu na malori. Baiskeli hufanya kazi yake kwenye vinjia vya mchanga vinavyopita kati ya minazi na mikorosho, na huko ndiko mbigiri inakotawala. Ni mmea wa kutambaa, wenye maua madogo ya manjano yasiyomtisha mtu. Tunda lake likikauka hugawanyika vipande vyenye pembe, na kila kipande hulala kwa namna ambayo pembe moja hutazama juu, ikingoja unyayo au tairi.

Mgema aliyekwisha kufunga mitungi yake kwenye keria hana nusu siku ya kungoja kiraka. Pombe ya mnazi huchacha ikiwa njiani, na samaki wa mchuuzi nao hawana subira. Ndiyo maana habari ya tairi, ambayo kwa wengi Ulaya ni mazungumzo ya matembezi ya Jumapili, hapa inagusa pato la siku.

Tairi za baiskeli zisizo na tyubu sasa zinapatikana Kenya, na wanaozipenda huzisifu kana kwamba ni tiba ya kila gurudumu. Sifa hizo ni kweli nusu. Kinachomfaa mwendeshaji wa Tezo kwanza ni dawa ya kuziba pancha, ile ya majimaji inayotiwa ndani. Kuiacha tyubu ni jambo la baadaye, na kwa baiskeli nyingi za hapa ni jambo lisilowezekana kabisa.

Teknolojia yenyewe si ngeni. John Boyd Dunlop wa Belfast alisajili hataza ya tairi yake ya upepo mwaka 1888. Kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani ilitangaza tairi ya gari isiyo na tyubu mwaka 1947, na leo karibu kila gari dogo linalopita Tezo linatembelea tairi za aina hiyo. Baiskeli zilichelewa hadi 1999, Mavic ya Ufaransa iliposhirikiana na Michelin na Hutchinson kutoa mfumo wake kwa baiskeli za milimani. Afrika Mashariki iliziona zikifanya kazi ngumu mwaka 2021, mashindano ya Migration Gravel Race yalipoanzishwa Maasai Mara: kilomita 650 za changarawe na miiba kwa siku nne.

Lakini baiskeli ya mashindano na Black Mamba, ile baiskeli ya mizigo ya mgema, ni viumbe wawili tofauti. Tairi isiyo na tyubu hushika upepo kwa sababu ukingo wake unabana sawasawa kwenye rimu iliyochongwa kwa kazi hiyo, rimu ikazibwa kwa utepe maalumu usiopitisha hewa. Rimu ya chuma ya Black Mamba haikuchongwa hivyo. Fundi akilazimisha, tairi itavuja usiku kucha, au mbaya zaidi, itachomoka kwenye kona ikiwa na mitungi miwili ya lita 20 juu yake. Hata Buffalo, baiskeli ya mizigo ya shirika la World Bicycle Relief lililoanzishwa mwaka 2005, inatumia tyubu ndani ya tairi nene. Waliobuni baiskeli hiyo waliilenga Afrika ya vijijini, na hawakuiacha tyubu.

Dawa, kwa upande wake, haibagui. Aina iliyoenea ni utomvu wa mpira uliochanganywa na maji na kemikali ya kuuzuia usigande. Mwiba ukitoboa, upepo unaotoka husukuma majimaji hayo hadi kwenye tundu, chembe za mpira zinashikana, na tundu linafunga kabla mwendeshaji hajajua. Tundu la mbigiri ni dogo; hilo ndilo pancha ambalo dawa hulimaliza vizuri zaidi. Mkato wa chupa ni habari nyingine. Ukizidi milimita 5 au 6, dawa itaruka nje na kumchafua mtu suruali bila kuziba chochote. Kwenye tairi isiyo na tyubu, hapo hutiwa kipande cha kamba ya mpira, kazi ambayo fundi wa tairi za magari anaijua kwa miaka mingi. Tyubu iliyochanika haina kamba: ni kiraka au tyubu mpya.

Kuitia dawa kwenye tyubu hakuhitaji ufundi mkubwa. Vali ya Black Mamba, ile ya kizamani yenye kipira, hufunguka yote na kuacha njia pana. Vali ya aina ya gari huhitaji kifaa kidogo cha kutolea sehemu ya ndani. Kwa tyubu ni afadhali dawa yenye nyuzi, iliyotengenezwa kwa ajili ya tyubu, kwa sababu haikauki upesi kama ile ya utomvu. Wakati wa kujaza upepo, vali iwe juu au ubavuni, isiwe chini, la sivyo dawa huingia kwenye vali na kuiziba yenyewe.

Mwenye baiskeli ya rimu za kisasa, ambaye anataka kuachana na tyubu, ana sababu nzuri. Tairi ya milimita 40 inaweza kutembea kwa upepo mdogo, na kwenye mchanga wa Tezo upepo mdogo ndio unaozuia gurudumu kuzama. Ahakikishe kwanza kwamba rimu na tairi zote mbili zimeandikwa kuwa ni za mfumo huo. Ukingo ukikataa kukaa, maji ya sabuni na kompresa ya kituo cha petroli humaliza ubishi, mradi kipimo kilichoandikwa kwenye rimu kisipitwe.

Wasifiaji hunyamaza wanapofika kwenye matunzo. Dawa ya utomvu hukauka. Watengenezaji hutaja miezi miwili hadi sita, na kwenye joto ni ile miwili inayokaribia ukweli. Msimu wa kaskazi, baiskeli ikishinda juani, ni busara kulitikisa gurudumu kila mwezi na kusikiliza: kusiposikika majimaji, dawa imekwisha, na mwiba utakaofuata utakuta tairi tupu. Kuiegesha kivulini kunasaidia. Kuchanganya dawa za kampuni mbili ni kamari, kwani nyingine hugandiana papo hapo. Vichupa vya gesi ya kaboni vinavyopendwa na wapanda baiskeli wa mjini navyo vinaweza kugandisha dawa ya utomvu. Pampu ya mkono ya bei ndogo inavishinda. Kuna pia amonia, iliyomo katika dawa nyingi, ambayo hailingani na alumini ya rimu, hasa ikiwa rimu hiyo ina michubuko.

Yote haya yanamwangukia fundi wa baiskeli aliyekaa chini ya mti na ndoo yake ya maji, naye anahitaji kufundishwa. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwa kaunti chini ya Katiba ya 2010, na Kilifi haina sababu ya kufundisha injini za pikipiki huku ikiisahau baiskeli inayobeba mnazi, maji na samaki. Somo lenyewe ni la siku chache. Vifaa ni bomba la sindano kubwa, kifaa cha vali na chupa ya dawa. Chupa ya lita moja, ikipimwa mililita 100 kwa kila gurudumu, inahudumia baiskeli tano. Fundi akiiuza kwa kipimo, kama mafuta ya kupikia yanavyouzwa dukani, mgema hatalazimika kununua chupa nzima.