Mwili Ukiomba Kivuli, Upewe

Tarehe 4 Januari 2020, joto la Penrith, magharibi mwa Sydney, lilifika nyuzi 48.9 za Selsiasi. Hata siku ile, damu ya mkazi mwenye afya aliyejikinga na jua ilibaki karibu na nyuzi 37, sawa na ya mvuvi wa Kilwa au mkulima wa Njombe.

Kinachosimamia kazi hiyo ya kutunza joto la mwili ni sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Hupokea habari kutoka kwenye ngozi na kwenye damu yenyewe. Damu ikipata joto kupita kiasi, huagiza mishipa ya ngozi itanuke na jasho litoke. Joto likishuka, habari hurudi na amri hulegezwa. Maji nayo hulindwa vivyo hivyo: chumvi ya damu ikikolea kwa asilimia 1 au 2 tu, kiu huamka na figo hupunguza mkojo.

Lakini uwezo huo una mpaka. Hewa ikizidi joto la ngozi, mwili hubaki na njia moja ya kupoa, nayo ni jasho linalokauka. Ndivyo mtungi wa udongo unavyopoza maji. Hewa ikijaa unyevu, jasho hutiririka tu. Mwili hupoteza maji na chumvi bila kupata nafuu, huku moyo ukizidi kwenda mbio. Joto la ndani likipita nyuzi 40, akili huvurugika na viungo huanza kuharibika.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, akiwemo Profesa Ollie Jay, walikadiria mwaka 2021 kwamba feni humfaa kijana mwenye afya hadi nyuzi 39, na mzee hadi 38, kwa kuwa jasho la mzee ni haba. Hewa ikizidi hapo, feni inaweza kumzidishia joto.

Ndiyo maana kumwambia kibarua anayefanya kazi juani anywe maji mengi hakutoshi. Kiu ameisikia, kizunguzungu amekisikia. Mwili umepima na kutoa taarifa. Hatua iliyobaki ni kuacha kazi na kukaa kivulini, na hatua hiyo iko mikononi mwa msimamizi wake. Msimamizi anayemkatalia huwa amekata mzunguko huo wa taarifa na hatua unaomlinda mtu asife.

Oman imelitambua hilo kisheria: Juni hadi Agosti, kazi za juani husimama kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:30 alasiri. Sheria za usalama kazini za Australia hazitaji kiwango cha joto cha kusimamisha kazi, ingawa zinamtaka mwajiri adhibiti hatari.

Dar es Salaam na Mombasa hazifiki nyuzi 48, lakini Februari na Machi joto lake huja na unyevu mwingi, na majengo yanapanda kila mtaa. Serikali zetu ziweke kanuni iliyo wazi: maji na kivuli katika kila eneo la ujenzi, wiki moja hadi mbili za kumzoesha joto mfanyakazi mpya, na mapumziko ya mchana. Mapumziko hayo yalipwe, maana kibarua anayekatwa ujira kwa kukaa kivulini atarudi juani kabla damu yake haijapoa.