Msiuze Hiyo Mashine kwa Kilo

Najua mnacheka. Mashine ya boti, Isiolo? Kwa nchi ya ngamia na vumbi? Chekeni mmalize, halafu mniambie Ewaso Nyiro ni nini. Maji ya huo mto yanatoka Mlima Kenya na Aberdare, kwa hivyo unaweza kufurika huku kwetu na anga iko safi, hata wingu la kusingizia hakuna. Machi 2010 ulizoa kambi za watalii pale Samburu. Mwisho wa 2023 El Niño ikakata barabara za kaskazini. Aprili 2024 watu wa Garissa walikuwa wanavuka kwa boti mahali ambapo kawaida ni lami, na boti moja ikapinduka Kona Punda, watu wakafa. Mafuriko ya msimu ule yaliua zaidi ya watu 200 nchi nzima. Na kama hamwamini habari, aminini lugha: malka kwa Kiborana ni kivuko. Malka Daka haikuitwa hivyo na watu ambao hawajawahi kuona maji.

Kwa hivyo boti tunahitaji, hilo limeisha. Ugomvi wangu ni mwingine. Ni hii tabia yetu ya kuweka mashine stoo miaka na miaka, halafu siku mtu akivuta kamba mara tatu ikakataa kuwaka, tunaitangaza maiti na kumpigia simu mtu wa chuma chakavu.

Nina mfano na uko mbele yangu sasa hivi. Ni Yamaha ndogo ya nguvu farasi 8, tu-stroki, ya kikundi cha abuya wangu, kaka ya mama. Ilifanya kazi wakati wa mafuriko ya 2018, ikasafirisha watu na magunia, kisha ikafungiwa stoo ikiwa na petroli ndani. Tangu hapo hakuna aliyeigusa. Mwezi uliopita wazee walikuwa wameshakubaliana iuzwe kwa kilo. Kwa kilo, wasee! Kitu kilichovusha watoto kipimwe kwenye mizani pamoja na mabati na vyuma vya vitanda.

"Mwanangu, hiyo imekufa," abuya akaniambia.

"Abuya, nipe wiki mbili tu kabla ya kuizika."

Sasa sikilizeni kwa nini naita huo ni uvivu na si umaskini. Mashine ndogo ya tu-stroki inataka vitu vitatu: cheche, mafuta na mgandamizo. Ya nne ni maji ya kuipoza. Hakuna kompyuta ndani. Ikikataa, moja kati ya hivyo haipo, na kila kimoja kinaweza kupimwa na mtu mwenye spana na subira. Fundi yeyote wa boda hapa mjini anaelewa tatu za kwanza.

Tena sisi tuna bahati ambayo watu wa Lamu hawana. Mashine ya baharini huliwa na chumvi kutoka ndani. Yetu ilitembea kwa maji matamu, ikahifadhiwa mahali pakavu. Chuma chake ni kizima. Kinachokufa huku ni mpira, kwa sababu joto na ukavu huupasua, na petroli, ambayo hukauka na kuacha utomvu kama gundi ndani ya kabureta. Na kuna adui mwingine ambaye hamtamwona kwenye video za Wazungu: nyigu. Nyigu wa Isiolo akiona tundu, anajenga. Kile kitundu cha nyuma ambacho maji yanapaswa kuchuruzika kuonyesha kwamba mashine inapoa, nilikikuta kimezibwa na tope gumu kama sementi. Mtu angeiwasha hivyo angeiunguza, halafu angesema "si niliwaambia imekufa".

Ndiyo maana hawa wenzangu wa kontenti wananikera. Video ya sekunde 60: mashine chafu, rangi ya kupuliza, muziki, kamba, vruum. Rangi kwanza! Buda, rangi haiwashi kitu. Na hiyo kamba ndiyo kitu cha mwisho kuvutwa. Mashine iliyolala miaka ina silinda kavu, na ukiivuta kwa nguvu unakwaruza pistoni na kuta zake, yaani unaiua wewe mwenyewe mbele ya kamera.

Unaanza kwa kutoa plagi. Unatia oili kidogo kwenye kila silinda, unaiacha ilale, kesho yake unazungusha gurudumu la juu kwa mkono, polepole. Ikizunguka bila kukwama, nusu ya vita umeshinda. Yetu ilikwama siku ya kwanza, siku ya pili ikalegea. Plagi mpya unaziunganisha na waya wake, unazigusisha kwenye chuma cha mashine, mbali na mafuta, unazungusha uone cheche. Petroli ya zamani yote unaimwaga, usiniambie bado inanuka vizuri. Kabureta unaifungua kabisa, na vile vitundu vyake vidogo unavisafisha kwa dawa ya kabureta na upepo. Usivichokoe kwa waya mgumu maana ukivipanua umevuruga vipimo. Bomba la mafuta na ile pampu ya mpira ya kubonyeza, kama vimepasuka, tupa.

Halafu impela. Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanakataa kutumia pesa. Impela ni kigurudumu cha mpira chenye mabawa, kiko chini kwenye mguu wa mashine, ndicho kinachovuta maji ya kupoza. Kikikaa miaka bila kuzunguka, mabawa yanabaki yamejikunja upande mmoja au yanapasuka. Hata kama kinaonekana kizuri, badilisha. Isiolo hakuna duka la kuuza, sawa, lakini Kisumu na Mombasa watu wanaishi kwa hizi mashine kila siku, na spea inapanda basi kama mzigo mwingine wowote. Bei yake haifikii raba ulizovaa. Mimi nimeona miguu yenu, msinidanganye.

Oili ya gia ya chini nayo unaitoa. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, ujue maji yameingia na sili zinataka kubadilishwa. Yetu ilitoka nyeusi, mbaya lakini bila maji.

Mwishowe ndiyo unafunga mashine kwenye pipa, maji yapite juu ya matundu ya kuvutia. Usiiwashe kavu hata kwa utani, impela huungua kwa sekunde chache. Na fanyia nje, moshi wake si wa kuvuta. Mchanganyiko wa kawaida wa hii yetu ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Kwa tenki la kwanza niliongeza oili. Mashine za zamani zaidi zinataka nyingi kuliko hapo, soma kitabu chake au maandishi yaliyo juu yake.

Iliwaka. Ilitoa moshi mpaka majirani wakadhani tunachoma taka, lakini iliwaka, na maji yakachuruzika pale nyigu alipokuwa amejenga.

Mtaniambia serikali na mashirika wanunue mpya. Wanunue, sikatai. Lakini mpya nayo itazinduliwa, itapigwa picha na viongozi wenye majaketi ya kuokolea maisha, kisha itafungiwa stoo ikiwa na petroli ndani. Baada ya miaka saba tutakuwa pale pale na mtu wa mizani. Hakuna anayekata utepe kwa ajili ya kumwaga mafuta ya zamani. Dakika kumi kwenye pipa kila baada ya miezi michache hazina picha nzuri, kwa hivyo hazina bajeti.

Kikundi bado hakijaamua. Mtu wa chuma ameongeza bei baada ya kusikia inawaka, na wazee wawili wameanza kutikisika. Mkutano ni Jumamosi baada ya adhuhuri. Pipa nitalijaza asubuhi, na kamba nitamwachia abuya aivute mwenyewe.