Nelson wa Kiwanja si mtoto wa Neil

Katika shule za Kiwanja na Rutshuru-centre, mwalimu akiita majina asubuhi hakosi kumpata Nelson mmoja, Jackson, Wilson, pengine na Dickson. Wazazi huyatoa kama majina ya ubatizo, ingawa kwa Waingereza hayo ni majina ya ukoo, na kila moja lina baba ndani yake. "Son" ni mtoto wa kiume. Jackson ni mtoto wa Jack. Nelson ni mtoto wa Nel, yaani Neil, jina lililotoka Ireland ambalo Waviking walilichukua na kulieneza hadi kaskazini mwa Uingereza.

Jina hilo limesafiri sana. Amirali Horatio Nelson alipokufa katika vita vya Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805, sifa yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba watu walianza kuwapa watoto jina lake la ukoo kama jina la kwanza. Zaidi ya miaka 100 baadaye, huko Qunu, Afrika Kusini, mwalimu mmoja alimpa jina hilo mtoto Rolihlahla siku yake ya kwanza shuleni. Mtoto huyo, Nelson Mandela, alitoka gerezani Februari 1990. Aprili ya mwaka huohuo Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na majina ya Kikristo aliyoyapiga marufuku mwaka 1972 yakarudi kusikika bila woga. Si ajabu Nelson wakazaliwa wengi.

Kwa jina lenyewe hakuna ubaya. Ubaya uko katika wazo linalokuja nyuma yake: kwamba baba aliyestaarabika humpa mtoto jina lake, na kwamba nyumba yenye watoto watano wenye majina matano tofauti ni nyumba isiyo na mpango. Maneno haya husikika maofisini, na kwa ndugu walioko Ulaya wanaochoka kueleza kwa nini jina lao si sawa na la kaka yao.

Waingereza wenyewe hawakuanza hivyo. Zamani, Robert mtoto wa John aliitwa Robert Johnson, na mtoto wa huyo Robert angeweza kuitwa Robertson. Jina lilikwisha na mwenye nalo. Kilicholifanya lishikamane na vizazi ni ardhi na kodi. Bwana shamba alitaka kujua nani anarithi, na watu wa mfalme, katika kodi ya kichwa ya 1377, 1379 na 1381, waliandika majina ya walipaji. Tangu 1538 makanisa yakaamriwa kuweka daftari za ubatizo, ndoa na mazishi. Ndiyo maana leo kuna mamilioni ya akina Johnson ambao baba yao si John. Iceland bado wanafuata desturi ya zamani, na hakuna anayewaita washamba.

Rutshuru ina hesabu yake. Kwa Wanande, mtoto wa kiume wa kwanza ni Mumbere au Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Ndani ya Kambale hakuna jina la baba. Kuna mama na mpango wa uzazi wake. Kwa watu wa Bwisha, jina mara nyingi ni sentensi nzima. Habimana: Mungu yupo. Hakizimana: Mungu ndiye anayeponya. Mzazi huweka humo neno lake la siku ile. Na kuna yale yanayoanza na Se-, "baba wa", ambayo yanakwenda kinyume kabisa na "son" ya Waingereza, kwani yanamtazama mtoto kama baba. Hata sokwe mkubwa wa Virunga aliyeuawa Julai 2007 aliitwa Senkwekwe, na kituo cha sokwe yatima huko Rumangabo kina jina lake.

Wanaotaka jina la baba wana hoja moja nzito. Baba anafia ukimbizini, mtoto anarudi kudai shamba, na baba mdogo anasema: huyu simjui, hata jina la kwetu hana. Mambo haya yapo. Lakini jina la baba lisingemwokoa, kwa kuwa jina lolote mtu yeyote anaweza kujiita. Kinachomwokoa ni cheti cha kuzaliwa, ambacho kinaandika baba na mama hata kama majina yao hayafanani na la mtoto. Sheria ya familia ya 1987 inataka tu jina litoke katika utamaduni wa Kongo na lisiwe la matusi. Haidai mtoto abebe la baba.

Sheria hiyo, iliyorekebishwa mwaka 2016, inatoa siku 90 kuandikisha mtoto. Zikipita, ni mahakama. Kubadili jina au herufi zake pia ni mahakama ya amani, na mzazi anayeandika jina moja kwa namna moja kwenye kituo cha afya na kwa namna nyingine shuleni anamtengenezea mtoto kesi ya baadaye.

Lakini siku 90 zina maana gani kwa mama anayekimbia? M23 iliingia Kiwanja na Rutshuru Oktoba 2022, na tangu hapo sehemu kubwa ya wilaya imekuwa chini ya utawala ambao Kinshasa haiutambui. Mzazi hajui muhuri upi utakubaliwa kesho. Uchaguzi wa Desemba 2023 haukufanyika Rutshuru wala Masisi, na wengi waliotimiza miaka 18 hawana hata kadi ya uchaguzi, ambayo Kongo ndiyo kitambulisho cha watu wengi. Wanaozungumza amani, popote wanapokutana, waweke mezani watoto waliozaliwa ndani ya kipindi hiki: waandikishwe bila malipo na bila kupelekwa mahakamani, Nelson, Kambale na Habimana, kila mmoja na majina ya baba na mama yake kwenye karatasi moja.