Mkono Mmoja Haulei Mwana, Lakini Tenisi Unaicheza

Mhariri, naomba nafasi katika jarida hili la chama chetu nitoe dukuduku langu kuhusu jambo ambalo huenda wengi wakaliona dogo, lakini kwa sisi tushikao raketi baada ya masomo ya jioni si dogo hata chembe. Ni juu ya bekihendi. Kwa msomaji asiyeijua tenisi, bekihendi ni lile pigo ambalo mchezaji atumiaye mkono wa kulia hulipiga mpira unapomjia upande wa kushoto, mgongo wa kiganja ukitangulia. Wapo walipigao kwa mikono miwili na wapo walipigao kwa mmoja. Sasa uwanjani kwetu pamezuka sheria isiyoandikwa popote: eti apigaye kwa mkono mmoja abadilishe, la sivyo asitarajie kuliona jina lake kwenye orodha ya timu.

Hoja yenyewe inayotolewa ni methali. "Mkono mmoja haulei mwana," tunaambiwa, na wenzetu wanaangua kicheko. Wahenga nawaheshimu, tena sana, ila sidhani kama waliyasema hayo wakiwa wamesimama kwenye mstari wa nyuma wakingojea sevu.

Maoni yangu ni haya: kosa si la mkono mmoja, kosa ni kwamba wengi wetu hatujafundishwa kuutumia. Mtu anaambiwa, "Kaza mkono! Piga kwa nguvu!" Anakaza mkono, anapiga kwa nguvu, mpira unaruka ua na kutua katika mahindi ya jirani. Papo hapo hukumu inatolewa kwamba mkono mmoja hauna nguvu. Jameni, kwani nguvu iliyouvusha mpira ua mzima imetoka wapi?

Nisionekane mbishi wa bure. Wanaopendelea mikono miwili wana hoja zao, na nyingine ni za haki. Mtoto wa miaka minane hana misuli ya kuimudu raketi kwa mkono mmoja. Mpira udundao hadi begani humtaabisha wa mkono mmoja kuliko yule wa miwili. Sevu kali nayo hurudishwa kwa urahisi zaidi kwa mikono miwili, maana muda wa kuivuta raketi nyuma haupo. Hata orodha za ulimwengu zinawaunga mkono: mwezi wa Februari 2024, kwa mara ya kwanza tangu orodha ya ubora ya wanaume ianzishwe mwaka 1973, hakukuwa na hata mchezaji mmoja wa bekihendi ya mkono mmoja miongoni mwa kumi bora. Watu wakasema imekufa, bado kuzikwa tu. Haikuzikwa. Kabla ya miezi miwili kupita, Grigor Dimitrov wa Bulgaria alirejea katika kumi bora na mkono wake mmoja, na mwaka 2025 Mwitaliano Lorenzo Musetti, naye wa mkono mmoja, akaingia.

Hebu tuulizane basi, nguvu ya pigo hili hutoka wapi? Kila mwanafunzi aliyewahi kuadhibiwa kufyeka nyasi (na ni nani hajawahi?) analijua jibu bila kujua kwamba analijua. Mtazame mwanafunzi mgeni aliyepewa fyekeo asubuhi. Anasimama wima kama mlingoti, anatumia mkono peke yake, na baada ya dakika kumi ana malengelenge huku nyasi zimelala tu, hazijakatika. Kisha mtazame mzee anayetunza bustani ya shule. Anakunja magoti kidogo, anageuza kiwiliwili chote upande wa kushoto, halafu anakiachilia kirudi, na mkono unafuata kama mjeledi. Nyasi zinakatika na mzee anaendelea kupiga mluzi. Bekihendi ya mkono mmoja ni hiyo hiyo, sema tu badala ya nyasi kuna mpira.

Mpira wa tenisi wenyewe haufiki hata gramu 60. Huhitaji misuli ya mchukuzi wa magunia ili kuupiga. Unahitaji kichwa cha raketi kije kwa kasi, na kasi hiyo huanzia miguuni, ikapanda nyonga, ikafika begani, ndipo ikaingia mkononi. Mkono ni wa mwisho kwenye foleni. Anayekaza mkono tangu mwanzo anaiziba njia hiyo, halafu anashangaa mpira ukifa kwenye wavu.

Na hapa ndipo methali ile inaponigeukia ikawa yangu. Bekihendi ya mkono mmoja si ya mkono mmoja! Mkono wa kushoto una kazi tele. Ndio unaoishika raketi shingoni na kuivuta nyuma, na kwa kuivuta hivyo unaligeuza bega la kulia hata likautazama wavu, kidevu kikakaa juu ya bega. Raketi inapokwenda mbele, mkono huo huachilia ukanyooka nyuma kama bawa la ndege, ili kifua kisifunguke mapema na kuutupa mpira nje. Sasa njoo uwanjani kwetu siku yoyote uangalie. Karibu sote wa mkono mmoja tunauona wa kushoto ukining'inia kando kama mkono wa shati lililoanikwa. Kama mkono mmoja haulei mwana, basi na ufundishwe huo wa pili kulea.

Mshiko pia ni shida. Mpini wa raketi si mviringo, una pande nane. Kwa fohendi kiganja hukaa nyuma ya mpini. Mpira ukija kushoto ni lazima mkono uhame, fundo la chini la kidole cha shahada likae juu kabisa ya mpini, na ni ule ule mkono wa kushoto unaoizungusha raketi wakati wa kuhama. Asiyehama, uso wa raketi yake hutazama mbinguni, na mpira nao huelekea huko huko.

Lakini ningeruhusiwa kufundisha jambo moja tu, ningefundisha mahali pa kukutana na mpira. Wa mikono miwili anaweza kuusubiri usogee karibu na nyonga, mkono wa kushoto ukamwokoa. Wa mkono mmoja hana bahati hiyo. Yampasa aukute mbele ya mguu wa kulia uliotangulia, mkono ukiwa umenyooka na kifundo kimekaa imara. Akichelewa kidogo tu, kiwiko kinakunjika, pigo linageuka la kusukuma, na usiku kiwiko hicho kitamkumbusha. Ndiyo maana nasema kwamba uthabiti wa pigo hili uko miguuni: hatua ndogo ndogo za haraka, hadi mpira ukukute pale pale ulipoukuta jana na juzi. Nguvu nayo haina siri nyingine. Aukutaye mpira mbele huupiga kwa uzito wa mwili mzima. Aukutaye nyuma huupiga kwa kiwiko.

Kisha kuna jambo la akili ambalo hatuambiwi. Wavu una sentimita 91 katikati lakini kwenye nguzo unapanda hadi 107. Uwanja una urefu wa mita 23.77, ila ukipiga kwa mshazari, kona hadi kona, unapata kama mita 25. (Aliyedhani Pythagoras ni wa darasani tu asome tena.) Maana yake ni kwamba pigo la mshazari hupita pale wavu ulipo mfupi na huwa na nafasi ndefu ya kuangukia. Sisi tunakimbilia kupiga moja kwa moja kando ya mstari kwa sababu tuliona kwenye televisheni, tunakosa mara nne kati ya tano, halafu tunaulaumu mkono. Raketi ianzie chini ya mpira na kumalizia juu, mpira upite nusu mita au zaidi juu ya wavu huku ukibingirika hewani, nao utazama wenyewe ndani ya mstari.

Wapo watakaosema haya ni ya majitu yenye misuli. Wamwangalie Justine Henin wa Ubelgiji. Urefu wake ni kama sentimita 167, na hapa shuleni wapo wasichana wanaomzidi. Kwa bekihendi ya mkono mmoja alishinda mashindano makuu ya Ufaransa mara nne, mwaka 2003, 2005, 2006 na 2007. Hakuwa na kifua cha mcheza mieleka. Alikuwa na bega lililogeuka kikamilifu na miguu isiyotulia. Na penye misuli, Stan Wawrinka wa Uswisi aliutumia mkono huo mmoja kumshinda Novak Djokovic katika fainali ya Ufaransa mwaka 2015.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Roger Federer. Kwa miaka mingi Rafael Nadal, ambaye ni wa mkono wa kushoto, alikuwa akimpelekea mipira ya kuruka juu begani upande wa bekihendi, na Federer akateseka kweli kweli. Je, alihamia mikono miwili? Hasha! Mwaka 2014 alichukua raketi yenye uso mpana zaidi, na katika fainali ya Australia mwaka 2017, akiwa na miaka 35, akaacha kurudi nyuma. Aliusogelea mpira, akaupiga ukiwa bado unapanda, kabla haujafika begani, akashinda kwa seti tano. Dawa ya mpira wa juu ilikuwa miguuni kwake.

Tena huo mpira wa juu tunaotishwa nao, hapa kwetu uko wapi? Mipira yetu ni ile iliyokwisha pumzi, mingine haina manyoya. Ikidunda sana inafika kiunoni, mara nyingi gotini. Mpira wa gotini ndio chakula cha mkono mmoja! Wa mikono miwili inambidi ainame kama avunaye maharagwe, huku wa mkono mmoja ana pigo la kukata, raketi ikitoka juu kwenda chini, mpira ukateleza na kukataa kupanda. Pigo hilo hata ukiwa umenyooshwa hadi mwisho wa uwanja unalifikia, kwa kuwa mkono mmoja hufika mbali kuliko miwili iliyofungana.

La kuniudhi zaidi ni wakati wa kubadilisha. Mtu anaambiwa abadilishe wiki mbili kabla ya mashindano. Pete Sampras wa Marekani alianza na mikono miwili akabadilishwa kuwa wa mkono mmoja alipokuwa kijana, na kwa muda akawa anashindwa na wenzake aliokuwa akiwashinda. Baadaye alitwaa Wimbledon mara saba. Dominic Thiem wa Austria naye alibadilishwa hivyo hivyo utotoni, akaja kushinda mashindano makuu ya Marekani mwaka 2020. Mabadiliko yao yalichukua miezi na miaka, tena walikuwa na makocha. Sisi tunapewa siku kumi na nne pamoja na mtihani wa katikati ya muhula! Matokeo yake ni mchezaji asiye na bekihendi yoyote, ya zamani kaisahau na mpya hajaijua. Mwaka jana wawili waliacha kabisa, mmoja wao akiwa na sevu nzuri kuliko sote. Wengi wetu tulivutwa na tenisi tuliposikia Mkenya mwenzetu Angella Okutoyi ametwaa taji la Wimbledon la wasichana, mchezo wa wawili wawili, mwaka 2022. Itakuwa hasara kubwa tukifukuzana uwanjani kwa sababu ya mkono.

Mtauliza, sisi wa shule ya kutwa tutafanya mazoezi saa ngapi, na saa kumi na mbili kila mtu anatafuta matatu ya kwenda nyumbani? Pigo hili halihitaji uwanja kila siku. Geuza bega mbele ya dirisha la darasa mara thelathini bila mpira, ukijitazama kwenye kioo. Angusha mpira kwa mkono wa kushoto mbele ya mguu wa kulia, uupige ukutani taratibu, usihesabu nguvu, hesabu marudio. Ukuta wa nyuma ya maabara hauna dirisha wala hauchoki. Raketi nne tulizo nazo zinatosha iwapo kila mmoja atapewa robo saa, na hata ubao wa mbao uliochongwa mpini utafaa kwa wanaoanza.

Nawaheshimu walimu wetu wa michezo, ambao wanabaki nasi jioni ilhali wangeweza kuwa njiani kuelekea kwao. Ombi langu kwao si kubwa. Muhula ujao, kabla ya kuandika orodha, kila anayetaka timu apewe mipira ishirini upande wa bekihendi, aipige kwa mshazari, na chaki ichorwe mita mbili kutoka mstari wa nyuma. Mtu asiulizwe ana mikono mingapi. Nahodha ahesabu iliyoanguka nyuma ya chaki, ndani ya uwanja, na hesabu hiyo ndiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo.